Jina Lililosomwa Kisimani

Upepo wa Kitengela si wa kuchezewa. Ukianika shati asubuhi na usilibane vizuri, jioni utalikuta Namanga, limeshavaliwa na wakala wa forodha, na tena linamkaa kuliko lilivyokukaa wewe. Katika upepo huo, kwenye nyumba ya kupanga nyuma ya ghala la simenti, aliishi Ondiek, fundi wa kompyuta, mwanamume mrefu mwenye shingo ya kujiamini, pamoja na mkewe Elsie na binti yao mdogo, Adero.

Ondiek hakuwa mtu mbaya. Hilo lisemwe mapema, kwa sababu huko mbele atafanya jambo litakalomfanya atamani ardhi ipasuke immeze, na ardhi ya Kajiado ni mwamba, haimezi mtu ovyo ovyo. Alikuwa mtu wa kusukuma gari la jirani bila kuitwa. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja: hakujua kuuliza. Akipotea njia, ni afadhali azunguke na Kiserian yote kuliko kushusha kioo na kumwuliza mchungaji. Elsie alikuwa akisema, "Baba Adero akifika mbinguni atakaa nje ya ukuta mwaka mzima akitafuta mlango mwenyewe, na Petro amesimama pale pale anamwangalia."

Sasa, kulikuwa na shirika dogo mjini Kajiado lililochimba visima na kujenga mabirika ya kunyweshea mifugo. Shirika hilo lilikuwa na programu ya kompyuta ya kusimamia miradi. Kila kisima kilikuwa na ukurasa wake humo: nani aliyekiomba, nani mwenye ardhi, fundi amefika wapi, bomba limekwama wapi. Hatua moja ikiisha, programu yenyewe ilituma ujumbe kwa simu za wote waliohusika. Lakini ile programu ilikuwa imezeeka. Ilikuwa kama punda aliyebeba maji tangu utoto wake: anafika, ndiyo, lakini akikohoa kila mtu anaanza kusali. Walioiunda wakatangaza kwamba hawataitibu tena, wametoa toleo jipya, kila mtu ahamie huko.

Kuhama ndiko kulikokuwa na kazi. Miaka yote, shirika lilikuwa limeongezea vipande vyake lenyewe ndani ya lile toleo la zamani, na toleo jipya halikuelewa lugha ya vipande hivyo. Kila kimoja kilihitaji kufunguliwa, kusomwa, na kuandikwa upya. Mwandishi wa vipande hivyo alikuwa Koinet, mwenyeji wa huko huko, ambaye siku moja aliinuka kwenye kiti, akasema amechoka kutazama vitu visivyo na pembe, akaenda kuuza mbuzi Kiserian. Ndipo akaitwa Ondiek.

"Bwana Ondiek," alimwambia Margaret, mkuu wa ofisi, mama mwenye sauti ya chini ambayo watu huinama ili waisikie, "hama na kila kitu. Kitu usichokielewa, uliza. Mimi niko mlango wa pili."

"Usijali, Madam," akasema Ondiek. "Hizi codes hazisemi Kimaasai wala Kijaluo. Code ni code."

Margaret akamtazama kidogo, akarudi kwenye mlango wake wa pili.

Kompyuta ni mtumishi mwenye nguvu za ajabu asiye na haya hata kidogo. Usipomwambia asimwage uji juu ya mgeni, ataumwaga, na akishamaliza atakuuliza kama amwage tena. Msimbo ndiyo maneno unayomwandikia ili awe na adabu. Na Koinet alikuwa amemfundisha adabu nyingi. Kulikuwa na kipande kilichozuia ujumbe usitumwe siku ya mnada, kwa sababu siku hiyo mtu wa Kajiado hata akipigiwa tarumbeta ya mwisho atasema ngoja kwanza nimalize bei. Kulikuwa na kingine kilichoficha idadi ya ng'ombe. Mafundi walihitaji idadi hiyo kujua ukubwa wa birika, lakini mwenye ng'ombe akifungua ukurasa wake hakuona namba. Aliona neno "wako" tu, maana kumhesabia mtu ng'ombe wake hadharani ni kuwaitia ndwele. Ondiek alicheka hapo hadi machozi yakamtoka. Lakini alikihamisha. Alihamisha vyote, kimoja kimoja, kama mama anayehama nyumba na kufunga kila kikombe kwa gazeti.

Kisha akafika kwenye kipande kilichoitwa Nyamaza.

Nyamaza kilikuwa kifupi. Kilitafuta watu wote walioandikwa kwenye miradi kisha wakafariki, na popote palipokuwa na jina la mmoja wao, kililifuta na kuweka maneno mawili: "mwenye pale". Basi. Mtu ameishi, ameoa, amezaa, ameomba kisima, amekufa. Akageuka kuwa mwenye pale. Juu ya kipande, Koinet alikuwa ameacha mstari mmoja kwa atakayekuja nyuma yake: usiondoe hii kabla hujamwuliza mtu wa hapa.

Ondiek alihisi kifua kikimpanda. Mtu hana budi kujua Ondiek alikotoka ndipo amwelewe. Kwao, pande za ziwa, marehemu hafichwi. Jina lake linaitwa tena juu ya mtoto, naye anarudi mezani kwa njia hiyo. Ondiek mwenyewe alilibeba jina la babu yake. Na binti yake alipozaliwa alilia usiku na mchana hadi misumari ya mabati ya jirani ikalegea. Wakamtajia majina ya shangazi, ya bibi wa kuumeni, ya wake wa babu, hakuna kitu. Mama mkwe wa Elsie akasema, "Mwiteni Adero," yaani nyanya yake Ondiek aliyelala miaka mingi. Mtoto akanyamaza hapo hapo, akashika titi, na wanasema akakonyeza. Kwa Ondiek, mtu hafi kabisa mpaka akose wa kumwita.

"Huyu Koinet ana roho gani?" akauambia ukuta. "Kuwafuta wazee wa watu kama chaki!"

Mlango wa pili ulikuwa wazi. Margaret alikohoa, na kikohozi chake kilisikika wazi kama hodi. Ondiek hakuinuka. Kwanza alishasema code ni code. Pili, kuna mambo ambayo mtu mwenye malezi hahitaji kuyauliza. Akakiacha Nyamaza huko nyuma, kama mtu anavyoacha godoro lenye kunguni anapohama. Kisha akafanya zaidi: akaandika kipande chake mwenyewe. Kisima kikikamilika, ujumbe ungemtaja marehemu kwa jina lake, na kumshukuru, na kumkumbuka.

Jioni alimsimulia Elsie huku ugali ukisongwa.

"Umeuliza?" Elsie akasema, mwiko ukiwa hewani.

"Mama Adero, mtu huuliza kama heshima ni nzuri?"

"Kwa nyumba ya wengine, ndiyo. Kwetu tunaacha viatu nje. Kwa Mama Cindy hapo ng'ambo ukiacha viatu nje anadhani unamwambia kwake kuchafu."

"Hii si viatu."

"Haya. Mimi ni mpishi tu," akasema Elsie, na akampa kipande cha ugali kikubwa kuliko kawaida, ili kinywa kiwe na kazi nyingine.

Ikaja siku ya kufungua kisima, huko nyandani nje ya mji wa Kajiado. Jua lilikuwa kali hivi kwamba vivuli vyenyewe vilikuwa vikitafuta kivuli. Ng'ombe walishasikia harufu ya maji tangu mawio, wakajipanga karibu na birika jipya kwa nidhamu ambayo hutaiona benki. Mwenye boma alikuwa mama mmoja mzee, mjane, ambaye wajukuu walimwita Koko na wakubwa walimwita Yeyo. Ndiye aliyetoa ardhi. Kwa hiyo ndiye angekinga maji ya kwanza kwa kibuyu chake. Kabla yake hakuna mdomo wa mtu wala wa mnyama ungegusa maji yale. Hivyo ndivyo wazee walivyokubaliana na shirika, na hata ng'ombe walionekana kulijua hilo.

Ondiek alivaa viatu vipya. Akashangaa kumkuta pale Koinet, fimbo mabegani, shuka juu ya jaketi.

"Wewe ndiye umehamisha nyumba yangu?" Koinet akamwuliza akicheka. "Hukuvunja vyungu?"

"Hata kimoja! Nimeongeza vingine. Wewe unafanya nini huku?"

"Hapa ni kwetu. Yule pale ndiye aliyenizaa."

Moyo wa Ondiek ukaruka kwa furaha, maskini. Akajua kumbe siku yenyewe itakuwa tamu kuliko alivyopanga. Kwenye ukurasa wa kisima hiki, aliyekiomba hapo mwanzo alikuwa mtu aitwaye Parsaoti, marehemu. Bila shaka ni mtu wa nyumba hii hii. Hawa watu watalia, akawaza. Watanishika mkono.

Fundi akafungua koki. Bomba likakoroma kama mzee anayeamshwa, likatema vumbi, likatema matope, kisha maji yakaja meupe, mazito, yakilia ndani ya tangi. Akina mama wakapiga vigelegele. Koko akachukua kibuyu, akaanza kusogea polepole, mkono juu ya bega la mjukuu wake Naisula, msichana wa sekondari, binti wa Koinet. Na Ondiek, hapo hapo, akatoa simu yake, akafungua ukurasa wa kisima, akabonyeza kwa kidole chake mwenyewe: kazi imekamilika.

Simu zikalia. Ililia ya Koinet, ikalia ya Margaret, zikalia za wazee ndani ya mashuka, hadi punda wakasimamisha masikio. Ya Koko ililia kifuani, kwenye kamba ya shanga.

"Nisomee," Koko akamwambia Naisula, maana macho yake yalikuwa na ukungu.

Naisula aliyekuwa bingwa wa kusoma mbele ya shule nzima akanyoosha mgongo, akasoma kwa sauti ya kufika nyuma: "Kisima kimekamilika. Tunamshukuru na kumkumbuka Parsaoti, aliyekiomba." Kisha akageuka. "Koko, Parsaoti ni nani?"

Vigelegele vilikatika kama uzi. Kunguru aliyekuwa akipita angani alisahau kupiga mabawa, akashuka hatua moja kabla hajakumbuka. Maji peke yake ndiyo yaliendelea kulia ndani ya tangi. Na Ondiek, Mungu amsamehe, alidhani kile kimya ni cha shukrani. Akavua kofia.

"Naisula," Koinet akasema kwa sauti ndogo sana. "Nyamaza."

Hapo ndipo baridi ikamwingia Ondiek kutoka kwenye nyayo. Lile neno. Alilijua lile neno.

Koko alikiweka kibuyu chini, kitupu, akajifunika shuka kichwani, akageuka. Alitembea kurudi nyumbani kwake bila kumshika mtu bega, na umati ukampisha, na hakuna aliyemwangalia usoni. Mlango ukafungwa. Fundi, bila kuambiwa, akafunga koki.

Mzee mmoja jirani akamsogelea Ondiek, akitembea na mkongojo, akamweleza kama mtu anavyomweleza mgeni aliyekanyaga mbegu za watu. "Kijana, yule alikuwa kifungua mimba wake. Aliomba hiki kisima, akafa kabla hakijachimbwa, bado nywele zake nyeusi. Katika nyumba hii anayekufa hivyo jina lake halitamkwi. Unalitamka, unamchimbua, unampasua mama upya. Mimi hapa nilizaliwa na jina hilo hilo. Siku ile nililivua kama shuka lililoshika moto, nikaitwa Katoo. Watoto wangu wenyewe hawajui niliitwa nani. Huyu msichana hajawahi kulisikia mpaka leo. Ndiyo maana amelisoma."

Kisha Mzee Katoo akamgeukia Koinet, na sauti yake ikapanda. "Na wewe! Wewe uliyekaa na zile mashine! Ulimweka ndugu yako humo ndani ili aitwe kama mbuzi wa mnada? Kwa mama yako? Kwa maji yake?"

Watu wote wakamtazama Koinet. Koinet naye akamtazama Ondiek.

Hakumnyooshea kidole. Hakukunja uso. Alimtazama tu, akangoja, kama mtu aliyeshika mlango ili mwenzake apite.

Maneno yalikuwa mawili tu: ni mimi. Yalipanda kifuani mwa Ondiek, yakafika kooni, yakachungulia nje, yakaona wale wazee wote na fimbo zao na wale ng'ombe wenye kiu, yakarudi ndani. Ondiek akaangalia viatu vyake vipya.

"Nimesikia, Papa," Koinet akamwambia mzee, akainamisha kichwa, akaubeba mzigo usio wake.

Kurudi ofisini, Margaret aliendesha gari kimya mpaka lami. Kisha akasema, "Kile kipande cha Koinet kilihama?"

"Nitaangalia, Madam," akasema Ondiek, ambaye hakuwa na cha kuangalia.

Alikiandika upya mchana ule ule. Hicho ndicho kilichomuumiza zaidi. Kukirudisha Nyamaza ndani ya toleo jipya kulichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Alifuta kipande chake cha kumbukumbu, akajaribu, majina yote yakageuka kuwa mwenye pale, na programu ikakaa imetulia kama haikufanya kitu. Mashine haina aibu. Ilimwachia yeye yote. Akatuma habari kwa Koinet: nimerekebisha. Koinet hakujibu. Na kule nyandani koki ilibaki imefungwa, maana Yeyo hakutoka. Wazee walimwendea, hakufungua. Ng'ombe wakapelekwa njia ndefu kwenye bwawa la zamani, wakitazama nyuma. Watu wakasema hata mbuzi walikuwa wakipita pale birikani wanatikisa vichwa kama wazee wa kanisa.

Nyumbani Kitengela, Ondiek alishindwa hata kumwita binti yake. Alifungua kinywa kusema "Adero," akasikia jina linamkwaruza, akasema tu, "Wewe, njoo hapa." Mtoto akaja, akamshika pua, akacheka. Ondiek akaona haya mbele ya mtoto wa kunyonya.

Elsie alivumilia siku mbili tatu. Kisha akamwekea sahani ya omena mezani, na kabla hajatia mkono, akaivuta nyuma.

"Hebu nielewe. Mtu mwingine amebeba mzigo wako mbele ya mama yake, na wewe unakuja kula omena yangu?"

"Nimeshairudisha ile code."

"Nani amelia code? Yule mama amelia code? Baba Adero, mimi niliolewa na mtu mjinga wa kupotea njia, hiyo nilijua tangu harusi. Sikujua nimeolewa na mwoga."

Neno hilo lilimkaa Ondiek kama mfupa wa samaki. Kesho yake akaenda Kiserian.

Soko la mbuzi lilikuwa limechangamka, mbuzi wakibishana kuliko wanunuzi. Koinet alikuwa akimkagua beberu meno. Hakugeuka.

"Kwa nini hukusema ni mimi?" Ondiek akamwuliza. Hata salamu alisahau.

"Sopa na wewe," akasema Koinet. "Mtu mzima hasemewi."

"Mama yako anaamini ni wewe."

"Anaamini. Haniongeleshi. Nikienda nyumbani ananiwekea maziwa na kugeuka ukutani." Akamwachia beberu. "Unajua kwa nini niliandika Nyamaza? Mara ya kwanza ile programu ilimtaja ndugu yangu, mimi ndiye niliyeshika simu ya Yeyo. Niliona lile jina, nikalimeza. Nikasema, 'Yeyo, ni watu wa bando wanasumbua.' Nikarudi ofisini nikaandika usiku huo huo. Nikaandika na juu yake, mtu aulize. Sikuandika kwa Kimaasai, nilidhani Kiswahili unajua."

Ondiek akaangalia chini, na hata kwato za mbuzi zilionekana zikimhukumu.

"Nifanye nini?"

Koinet akamtazama kwa mara ya kwanza, na kitu kama kicheko kikapita usoni mwake. "Heh. Umeuliza. Mvua itanyesha. Shika majani mabichi mkononi, mtu akishika majani hapigwi, wala hafukuzwi kabla hajasikizwa. Nenda peke yako. Sema."

Majani mabichi, kiangazi kile! Ondiek alizunguka Kitengela nzima. Mbuzi walikuwa wamemaliza majani, wakala ua wa miba, na mmoja alionekana akitafuna bango la tangazo la nyasi za kupanda. Kijani pekee kilikuwa kwenye kibustani cha kituo cha mafuta, barabara ya Namanga. Ondiek, mwanamume mzima mwenye laptop mgongoni, akapiga magoti akang'oa konzi ya majani.

"Wewe! Unakula maua ya boss?" mlinzi akapiga kelele.

"Naomba msamaha!" Ondiek akajibu akikimbia.

"Omba ukiwa umesimama!"

Akafika bomani jasho likimtiririka, majani yamekunjamana mkononi. Koko alikuwa ameketi nje ya mlango akitunga shanga kwa kupapasa, na Naisula karibu naye, na Mzee Katoo kwenye kigoda. Kila mtu akayaona majani. Hakuna aliyemfukuza.

"Takwenya, Yeyo," Ondiek akasema na kuinamisha kichwa.

"Iko," akajibu Koko. Shanga hazikusimama.

Na Ondiek akasema. Haikuwa hotuba. Alisema ni yeye. Alisema Koinet alikuwa ameweka ukimya mle ndani na onyo juu yake, na yeye akautoa bila kuuliza, na mwenye kuulizwa alikuwa mlango wa pili anakohoa. Alisema alipoona Koinet anatukanwa alikuwa pale pale, miguu yote ikiwa mizima, na hakusogea. Sehemu hii ya mwisho ilimtoka kama jino.

Mzee Katoo alifumba macho. Koko akaweka shanga chini.

"Unaitwa nani?"

"Ondiek."

"Maana yake?"

"Fisi, Yeyo."

Mama yule akatikisa kichwa taratibu. "Sasa ni sawa. Mimi nilikuwa najiuliza ni nani amefukua. Fisi amekuja mwenyewe, tena na majani mdomoni kama ng'ombe."

Naisula akajifunika mdomo. Ondiek alitamani kweli awe fisi, apate shimo.

"Kwa nini ulifanya?" Koko akauliza. "Ulitaka nini na mtoto wangu?"

"Nilitaka akumbukwe, Yeyo. Kwetu tunaita. Mtoto wangu ana jina la nyanya yangu. Nikimwita aje kula, nyanya pia anakuja. Nilidhani mmemsahau."

Koko akaokota shanga moja, akaizungusha vidoleni. Kisha akasema polepole, "Nimsahau. Kila asubuhi nikiamka nalipitia lile jina, nalizunguka kama mtu anazunguka shimo kwa njia yake mwenyewe. Hata siku moja sijaanguka humo. Unafikiri mtu anazunguka shimo alilolisahau?"

Ondiek hakuweza kuinua macho.

"Ile mashine yako umeirekebisha?"

"Nimeirekebisha, Yeyo. Haitamtaja tena."

"Na huyu?" Koko akaweka mkono juu ya kichwa cha Naisula. "Huyu umemrekebisha? Amelisikia. Ameliweka. Nikimwangalia sasa naliona limekaa nyuma ya macho yake. Rudisha hilo."

Ondiek akamtazama msichana. Naisula akatazama chini, kama aliyekamatwa na kitu cha mtu mfukoni. Hapakuwa na cha kubonyeza. Majani yalimwanguka mkononi.

"Siwezi, Yeyo."

"Najua huwezi. Nilitaka ujue na wewe." Akanyoosha mkono, Naisula akampa kibuyu, akainuka. "Ng'ombe hawana kosa. Mwana wangu Koinet hana kosa, mwambieni aje, maziwa yake nitampa nikiwa nimemtazama. Lakini wewe, ulichukua jina, utaacha jina. Hapa kwetu hutaitwa. Wewe ni mwenye pale. Ukija, tutasema mwenye pale amekuja. Ukiondoka, mwenye pale ameenda. Mpaka siku nitakapokuita mwenyewe, nikipenda."

"Na asipopenda?" Mzee Katoo akamwuliza Ondiek, kwa huruma kidogo. "Mimi nimezoea. Inauma mwanzo."

Yeyo akaenda kisimani. Koki ikafunguliwa. Akakinga maji ya kwanza, akanywa, akamimina kidogo chini bila kusema kitu, na hakuna aliyehitaji kuambiwa ni ya nani. Ndipo wakaachiwa ng'ombe. Wale ng'ombe walikunywa hivi kwamba walipotembea walisikika kama mitungi, na mmoja akajikwaa na kukawa na tope hadi barabarani. Ondiek alisimama mbali. Hakuna aliyemkaribisha wala kumfukuza. Alipoondoka alisikia mtoto akiuliza yule mrefu ni nani, na mtu akajibu, "Mwenye pale."

Kurudi Kajiado akaingia mlango wa pili, akamwambia Margaret yote, amesimama. Margaret akamsikiliza hadi mwisho. "Nilikuwa nimejua," akasema. "Nilikuwa nangoja ukohoe." Hakumfukuza. Ondiek akarudi mezani, akafungua Nyamaza, na kwa mkono wake akaongeza mtu mmoja ambaye hakuwa marehemu. Tangu hapo, kila ujumbe unaotoka kwenye programu ile, chini kabisa pale panapoandikwa fundi wa mtambo, panasomeka hivyo hivyo: mwenye pale.

Elsie alipoona kwenye simu alicheka hadi akashika ukuta. "Mwenye pale, chakula kiko tayari." Lakini sahani aliisukuma mbele, haikuvutwa tena. Na Ondiek akaweza kumwita Adero, kwa sauti ya chini, kama mtu anayepita mlangoni mwa wengine.

Miezi ikapita. Siku moja simu ya ofisi ikalia, Margaret akaishika, akasikiliza, akamtazama Ondiek. Yeye akainuka kabla hajaitwa, mikono ikitafuta pa kukaa.

"Ni Yeyo," Margaret akasema. "Anakutaka wewe."

"Amesemaje? Ameniitaje?"

Margaret akaweka mkono juu ya simu. "Amesema, pampu inakoroma. Mwambieni mwenye pale akuje. Na akipotea njia, aulize."